Imani ya nyuma ya operesheni



Ni majuma kumi sasa tangu tulipowaomba katika karatasi hii mumwombee mutoto wa mudogo wangu, aliyekuwa anaenda kupasuliwa moyo Kigali. Muliomba. Wengine mulifunga. Wengine mulileta sukari na sabuni, na wamama wa likirimba ya Kadutu walimupa mudogo wangu zamu ya mwezi wa saba ambayo haikuwa yake. Tangu hapo, kila siku ya posho kwenye mukutano, mutu ananishika mukono: "Mwalimu, mutoto amepona?" Na mimi najibu, "Mungu ni mwema," kisha natafuta kiti cha mbali.

Sikuwa nadanganya. Lakini jibu lile lilikuwa fupi kuliko mambo yaliyotokea, na mengine kati ya hayo yanatupa haya sisi wenyewe. Juma hili mudogo wangu na bwana yake wamenipa ruhusa niandike yote. Wamekataa jina la mutoto tu. Mama yake anasema ataliandika kwa mukono wake mwenyewe siku ya kumwandikisha masomo.

Aliyeona wa kwanza hakuwa muganga, ni mama yetu mimi na mudogo wangu. Mutoto alikuwa na majuma sita. Alikuwa ananyonya dakika mbili, anaachia ziwa, anahema, na paji la uso linalowa jasho kama mutu aliyepanda kutoka Ruzizi hadi Kadutu na gunia kichwani. Jirani alisema ni joto. Mara mbili tulipewa dawa ya kikohozi. Mama yetu, ambaye hajui kusoma, aliweka kiganja chake juu ya kifua cha mutoto, akakaa kimya kidogo, akasema: "Humu ndani kuna paka anayekoroma."

Muganga alipomupima kwa ekografi, alituonyesha huyo paka. Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwa mutoto wetu, ukuta unaotenga vile viwili vya chini haukujifunga wote wakati alipokuwa tumboni. Damu iliyokwisha kupata hewa, iliyopaswa kwenda mwilini, ilikuwa inapita kwenye lile tundu na kurudi tena mapafuni. Mapafu yanajaa, moyo unafanya kazi mara mbili, na mutoto anatumia maziwa yote kwa kupumua badala ya kukua. Kwa watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, karibu 8 wanakuja na kasoro fulani ya moyo. Si ulozi, na si kwamba mama alikula kitu kibaya au alimukosea mutu. Matundu mengine madogo yanajifunga yenyewe. La kwetu lilikuwa kubwa.

Mwalimu hawezi kupita hapa bila kufundisha kidogo, munisamehe. Huko Baltimore, Marekani, kulikuwa na muganga mwanamuke, Helen Taussig, ambaye masikio yake yalipoteza nguvu, akajifunza kusikiliza mioyo ya watoto kwa vidole vyake. Ugonjwa aliopigania si huu wa kwetu, ni ule wa watoto ambao midomo yao inageuka bluu. Yeye ndiye aliyewaza njia ya kuwasaidia, akamupelekea mupasuaji Alfred Blalock wazo lake. Na aliyetafuta kwa mikono namna ya kuifanya ile kazi alikuwa Vivien Thomas, mwanaume mweusi aliyejifunza useremala, asiye na diploma ya uganga. Tarehe 29 mwezi wa 11 mwaka 1944, siku ya operesheni ya kwanza, huyo Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la mupasuaji akimwelekeza. Nilipomusimulia mama yetu habari hii, aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mwanamuke alikuwa na watoto?" Nikasema hakuzaa. Akasema: "Aliwapata wale basi."

Safari sitaieleza kwa urefu. Shirika moja la musaada lililipa operesheni. Njia, chakula na chumba cha kulala vilitoka katika mifuko yetu na yenu. Kwa kuwa mwezi wa saba masomo yanafungwa, nilikwenda nao. Tulivuka Ruzizi, tukapanda basi Kamembe, tukapita pori la Nyungwe na kona zake zisizokwisha. Mutoto alikuwa na miezi 7 na kilo 5 na gramu 200. Siku yenyewe walimuchukua saa mbili ya asubuhi. Mashini ilifanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wenyewe umesimamishwa, nao wakashona kiraka kidogo juu ya tundu, sawa na fundi wa nguo. Shemeji alitembea kwenye korido hadi viatu vyake vikajulikana na wauguzi wote. Mudogo wangu alikaa pahali pamoja, na kikwembe cha kumubebea mutoto kimekunjwa juu ya magoti yake. Saa nane mupasuaji alitoka na kusema kwamba moyo umeanza tena kupiga wenyewe.

Tulimwona akiwa na mipira kifuani, mupira mudomoni, nyuzi mikononi. Nyuma ya siku mbili wakatoa mashini ya kupumua. Nyuma ya siku nne akatoka katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nilimwona akinyonya dakika kumi bila kuachia ziwa, na paji la uso lilikuwa kavu. Sijui niseme nini zaidi juu ya lile paji la uso.

Hapo, wamama, imani ilikuwa rahisi. Ninajua kwamba neno hili litawashangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hofu ilikuwa kubwa na maombi yalikuwa makubwa. Simu ilikuwa inalia toka asubuhi: wakwaya, majirani, wajomba wa Uvira ambao hatukusikia sauti zao miaka mitatu. Hakuna kitu ambacho mikono yetu ingeweza kufanya, kwa hiyo tuliikunja na kuomba. Mutu akianguka, watu ishirini wanamushika.

Tuliporudi Bukavu lilikuwa juma la tatu. Mudogo wangu na mama yetu ni Wakatoliki, shemeji anaomba katika kanisa la uamsho, basi tulitoa shukrani mara mbili siku moja ya Mungu, asubuhi kwa misa, muchana kwa ngoma na kiyamba. (Sadaka pia mara mbili; shemeji aliniambia kwamba Mungu mumoja anatufilisi kwa milango miwili.) Watu walilia, walicheza, walimupitisha mutoto machoni pao bila kumugusa, kwa kuwa tulikuwa tumewakataza. Jioni walirudi kwao.

Siku ya kwanza asubuhi mudogo wangu alibaki na mutoto, chupa mbili za dawa, na karatasi ya hospitali.

Karatasi ile niliigeuza kwa Kiswahili juu ya karatasi kubwa ya darasani, tukaibandika ukutani karibu na kitanda. Mufupa wa katikati ya kifua ulikuwa umekatwa na kufungwa kwa waya, na mufupa huo unahitaji majuma 6 hadi 8 ili ushikane. Kwa muda huo mutoto hanyanyuliwi kwa makwapa hata mara moja. Unapitisha mukono mumoja chini ya kichwa na shingo, mwingine chini ya matako, unamwinua kama sinia. Halazwi juu ya tumbo. Kidonda kinabaki kavu na safi. Joto la mwili likipanda, kidonda kikiwa chekundu au kikitoa maji, mutoto akikataa kunyonya, akipumua mbio, midomo ikibadilika rangi, uende hospitali siku ileile, hata usiku. Dawa ya kutoa maji mwilini ni mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile, unaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Moyo uliobeba muzigo mara mbili miezi saba haurudi ukubwa wake kwa siku moja. Dawa hiyo inaupunguzia kazi wakati unapojirudisha.

Na mustari wa mwisho, ambao niliuandika kwa wino mwekundu: mutoto habebwi mugongoni.

Ninyi munajua maana yake. Huko walikoandika karatasi zile za kwanza labda ni jambo dogo, watu wana vigari vya kusukuma. Mudogo wangu anauza sambaza kwenye soko la Kadutu. Anachota maji kwenye robine iliyo chini ya mutelemuko, anapanda na bidoni. Anasonga ugali, anatwanga sombe, anafua. Yote hayo mwanamuke wa kwetu anayafanya kwa mikono miwili kwa sababu mutoto yuko mugongoni. Ukimuondoa mutoto mugongoni, umemukata mama mikono. Na mutoto mwenyewe hakuelewa. Alikuwa amezoea kulala penye joto la mugongo, akisikia sauti ya mama yake kupitia mifupa. Alilia akinyosha shingo nyuma ya mama yake. Kulia sana nako tuliogopa. Wapita njia walisema: "Anamushika kama yai, tangu Kigali amekuwa mama wa kizungu." Alisikia. Hakujibu.

Nitasema hapa kwamba wamama sita wa chama chetu, ambao wamenikataza kutaja majina yao, walipanga zamu. Hawakuja kuomba. Walikuja kukaa. Mumoja anamushika mutoto mikononi toka saa tatu hadi saa sita, mudogo wangu anakwenda kuuza sambaza, mwingine anafika na ndoo ya maji bila kusema lolote. Mumoja wao alileta unga wa masoso akapika uji mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mutoto alimaliza kikombe.

Juma la nne, usiku mumoja nilipolala kwao, mudogo wangu aliniambia: "Yaya, kabla ya Kigali nilikuwa naomba hata kichwa kinaniuma. Sasa siwezi. Nafunga macho, namusikia anavyopumua, nahesabu. Nahesabu tu hadi asubuhi." Mimi nina diploma ya kufundisha na sikuwa na jibu. Nilimwambia alale. Asubuhi nilimupelekea mama yetu maneno hayo. Yeye alikuwa analala kwangu, kwani kwa desturi yetu mama mukwe halali katika nyumba ya mukwe wake. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwambie ahesabu. Kuomba nitaomba mimi." Tangu siku hiyo alikuwa anashuka kwao kila jioni, kengele ya parokia ikipiga saa kumi na mbili, anakaa penye mulango na rozari yake. Kengele hiyo ndiyo ilikuwa saa ya dawa. Hatukuhitaji simu wala umeme.

Sasa ninafika pahali nilipokuwa nakimbia viti vya karibu.

Shemeji ni motari, mutu wa kazi na mutu wa maombi. Njiani kwenda Kigali, ndani ya lile pori, alikuwa amemwahidi Mungu kwamba mutoto akipona, hatakuwa na mashaka tena hata siku moja. Juma la tano, katika chumba kimoja cha maombi, mutumishi mumoja alimuuliza kama kweli anaamini kwamba mutoto ameponywa. Akasema ndiyo. Akaulizwa: mbona basi kila asubuhi na jioni unampa dawa ya mugonjwa? Mudomo unashukuru, mukono unakana. Alirudi nyumbani na neno hilo kama musumari kichwani. Hakuwa mujinga, na msimucheke. Aliona kwamba ameahidi na hatimizi. Alimwambia mudogo wangu waache dawa siku tatu, wafunge na kushukuru. Mudogo wangu alikuwa amechoka hata kuchoka kwenyewe. Kusikia kwamba mutoto amepona na kazi imekwisha kulikuwa kwake kama mutu kumutua bidoni kichwani. Alikubali.

Mimi nilifika siku ya pili. Nimezoea kuweka alama ya kalamu kwenye chupa, desturi ya mwalimu anayehesabu chaki. Niliona kwamba dawa haikushuka chini ya alama. Nikajua. Na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni nyumba yake, ni mutoto wake, mimi ni shemeji tu, nikisema nitaleta vita katika ndoa ya mudogo wangu. Nilijiambia pia kwamba siku mbili haziwezi kuleta hatari. Nilikunywa chai yao nikarudi kwangu. Darasani ninawafokea watoto wanaoona mwenzao anaiba na hawasemi.

Usiku wa tatu kope za mutoto zilivimba. Alikataa ziwa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta hewa. Mama yake, ambaye alikuwa na mazoea ya kuhesabu, alihesabu 70 kwa dakika. Mulishike hili: mutoto wa kati ya miezi 2 na mwaka akifika pumzi 50 kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia, hiyo ni mbio, na haingoji kesho. Ilikuwa saa saba ya usiku, na ninyi munajua njia zetu saa hiyo. Shemeji aliwasha piki, mudogo wangu akakaa nyuma na mutoto mikononi, si mugongoni, hata katika hofu ile alikumbuka wino mwekundu.

Nilifika hospitali asubuhi kwa miguu. Walikuwa wamemupa oksijeni na ile dawa kwa sindano, na alikuwa amekwisha kukojoa sana. Muganga hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Nani aliacha dawa?"

Shemeji akasema: "Mimi."

Mudogo wangu akasema: "Sisi."

Mimi nilikuwa nimesimama penye mulango na mufuko wa mikate. Nilipaswa kusema "sisi" mimi vilevile. Sikusema. Ninalisema leo hapa.

Mutoto alikaa siku nne. Kiraka kilikuwa salama, moyo ulikuwa salama, maji yalitoka. Waliporudi nyumbani, shemeji hakula siku mbili, na hakuna aliyejua namna ya kumusemesha. Mama yetu hawezi kumukosoa mukwe wake uso kwa uso, heshima inakataza. Basi alimwambia Mungu. Jioni ile, penye mulango, kengele ilipopiga, alimaliza sala yake, kisha akaendelea kwa Kishi, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Alimukumbusha Mungu habari ya Yairo, ambaye binti yake alikuwa amekufa, na Yesu akamwinua. "Na wewe Bwana," akasema, "nyuma ya ule muujiza hukuwaambia wale wazazi wapige ngoma. Uliwaambia wamupe mutoto chakula. Ungeweza kumushibisha wewe mwenyewe. Uliwaachia wazazi wake kazi hiyo, kwa kuwa ulijua wanaihitaji." Kisha akanyamaza, akakusanya rozari yake, akapanda kurudi kwangu.

Sijui kama mapadri wangeipitisha sala ile. Lakini siku iliyofuata, saa kumi na mbili ya asubuhi, kengele ikilia, aliyeshika bomba la sindano alikuwa shemeji. Alilinyanyua mbele ya dirisha kama wauguzi, akatazama mustari, akatoa povu la hewa. Alinunua daftari. Ndani yake kila siku ina mistari miwili, saa, kipimo, na neno fupi: "amenyonya vizuri", "amekojoa", "amecheka". Muda ule anapima anaomba kwa sauti ndogo, na hakuna mutu anayemuuliza tena mukono wake unakana nini. Katika chumba kile cha maombi bado anaenda. Alisimama akawaeleza yote yaliyotokea. Wengine walilia pamoja naye, wengine hawakufurahi, na yule mutumishi hadi leo hajasema neno.

Wamama, kuna mengi ya namna hii katika nyumba zetu na hatuyaandiki. Mutoto wa kifafa anaachishwa dawa, mama mwenye sukari anaambiwa atupe sindano zake, na siku ya mazishi tunasema ilikuwa saa yake. Mimi nimeona kwa macho kwamba aliyemwacha mutoto wetu bila dawa siku tatu hakuwa mutu asiye na imani. Alikuwa nayo kutupita wote. Aliyekosa ni mimi niliyekuwa na wino na sikuwa na kinywa. Kwa hiyo ukiona chupa haishuki katika nyumba ya mudogo wako, useme. Useme kwa upole, useme jikoni, useme katika sala kama mama yetu, lakini useme siku hiyohiyo.

Juma la nane walirudi Kigali kwa kontroli. Mimi sikwenda, masomo yalikuwa yamefunguliwa, nina watoto 58 darasani na mwezi wa tisa haunihurumii. Walipiga picha ya kifua, mufupa umeshikana. Uzito kilo 6 na gramu 300. Dawa moja imeondolewa. Ile ya maji imebaki, kipimo kimepunguzwa. Wameagizwa kulinda usafi wa mudomo, maana mutoto ana meno mawili sasa, na uchafu wa meno unaweza kupita katika damu na kufika kwenye kiraka.

Nilikuwako jioni waliporudi. Mudogo wangu alioga, akatoa kile kikwembe kilichokaa kimekunjwa toka mwezi wa saba. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hakukumbuka tena upande gani unapita juu. Mama yetu alimuinamisha, akamuweka mutoto mugongoni, akavuta kikwembe, akakifunga. Mutoto hakulia. Alilaza shavu, akatoa sauti ndogo, na mbele ya ugali kuiva alikuwa amelala. Shemeji alisema amushushe, apumzike. Alikataa. Alikula amesimama.

Kontroli nyingine ni mwezi wa kwanza. Wataivuka Ruzizi tena, na likirimba imekwisha kuniambia kwamba zamu itapangwa. Wale wamama sita, siku ya posho muje na bakuli zenu, mudogo wangu analeta sambaza na hataki mulipe. Na mwenye mutoto anayetoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, au asiyepanda uzito, anitafute nyuma ya mukutano. Nimeandika kwenye karatasi siku ambazo muganga wa moyo anapima, na mahali.